Amplifaya ya valvu iliyopoteza besi na trebo: pa kupima, pa kubadilisha na pa kuacha

Besi na trebo hazipotelei mahali pamoja. Ndani ya amplifaya ya valvu, ile ya mirija ya kioo badala ya transista, kila upande wa masafa una sehemu chache zinazoukata, na kila sehemu inapimika kwa multimita na hesabu ndogo. Kubadilisha kapasita zote kwa mkupuo kisha kutega sikio ni njia mbovu. Ukipatia hujui umerekebisha nini, na ukikosea hujui umeharibu nini. Hapa tunapima kwanza, kisha tunashughulikia kapasita na gridi, yaani mlango wa sauti ndani ya valvu, halafu transfoma. Mrejesho hasi, yaani kurudisha sehemu ya sauti inayotoka hadi mwanzoni ili amplifaya ijirekebishe, unakuja mwisho kabisa.

Mfano wetu ni amplifaya iliyozoeleka kwenye redio za gramafoni: nusu moja ya ECC83 mwanzoni, EL84 moja ya kutoa nguvu, EZ80 ya kunyoosha umeme, na volti 250 kwenye anodi, upande wa valvu inakotokea sauti iliyokuzwa. Mwenye 6V6 au ECL82 atatumia hesabu zile zile kwa namba za valvu yake.

Kabla ya kugusa chochote

Kapasita za umeme mkubwa hubaki na volti mia na kitu hata baada ya kuchomoa plagi. Chukua rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyosolderiwa kwenye nyaya mbili zenye ncha zilizofunikwa vizuri. Ishikize kati ya chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde kumi, kisha pima. Zikibaki volti zaidi ya 10, rudia. Kifaa kikiwa kimewashwa, mkono mmoja upime na mwingine ukae mfukoni.

Soma pia majina ya valvu. Zikianza na herufi U, kama UCL82, UL84 au UY85, redio hiyo mara nyingi haina transfoma ya umeme na chasisi yake imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usiichomekee simu wala kompyuta, na usiipime bila transfoma ya kutenganisha umeme. Hili linaua watu, kwa hiyo lisirukwe kwa haraka ya kusikia sauti.

Umeme wa TANESCO ni volti 230. Transfoma nyingi za zamani zina tapu, yaani vituo vya kuchagua volti, za 110, 127, 220 na 240, na mara nyingi waya umeachwa kwenye 220. Pima volti za filamenti kwenye pini za EL84, namba 4 na 5. Inatakiwa 6.3, na kati ya 6.0 na 6.6 hakuna tatizo. Ikizidi, hamia tapu ya 240. Ikipungua sana valvu haitoi elektroni za kutosha, na amplifaya itaonekana imechoka hata kama kapasita zote ni nzima.

Kisha vumbi. Upepo wa kiangazi wa Dodoma huingiza vumbi laini hadi ndani ya soketi za valvu na potenshometa. Likiwa kavu halina madhara makubwa, lakini mvua za Desemba zikianza, vumbi lililoshikamana na mafuta hunyonya unyevu na kupitisha umeme kidogo kati ya pini. Kwenye gridi yenye rezista ya megaomu moja, hicho kidogo kinatosha kuvuruga kila kipimo. Safisha soketi kwa brashi na spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa, ndipo uendelee.

Kupima bila mtambo wa gharama

Weka mzigo badala ya spika: rezista mbili za omu 15, wati 5 kila moja, zikiunganishwa sambamba, zinatoa omu 7.5, na hiyo inatosha kwa transfoma ya omu 8. Pakua programu ya simu inayotoa toni. Ingiza toni ya hezi 1,000 na uongeze volyumu hadi upate volti 1 AC kwenye mzigo. Bila kugusa volyumu tena, pita kwenye hezi 30, 50, 100, 300, 3,000, 5,000, 10,000 na 15,000, ukiandika volti ya kila moja. Pale inaposhuka hadi volti 0.7 ndipo penye mpaka, yaani umepoteza desibeli 3.

Kuna mtego hapa. Multimita nyingi za bei ya chini hazisomi AC kwa usahihi zaidi ya hezi mia chache. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu amplifaya, pima volti zinazotoka kwenye simu yenyewe kwa masafa yote hayo. Kama mita inaonyesha volti 0.5 kwa hezi 1,000 na 0.2 kwa hezi 10,000, tatizo ni mita. Gawanya kila kipimo cha amplifaya kwa kipimo cha simu cha masafa hayo hayo, nawe utapata picha ya kweli.

Rudia kipimo chote ukianza na volti 5 kwa hezi 1,000, yaani karibu wati 3. Tofauti kati ya jedwali la volti 1 na la volti 5 itakuambia mengi kuhusu transfoma, kama tutakavyoona. Mita haitaona sauti ikikwaruza, kwa hiyo kwenye kipimo hiki cha pili sikiliza pia kwa hedifoni kupitia rezista ya kiloomu 1.

Ukisikia kasoro kwenye spika ambayo mzigo wa rezista hauionyeshi, lawama ni ya spika. Spika moja ya karatasi ya redio ya zamani haifiki juu sana. Twita ndogo yenye kapasita isiyo na polariti ya mikrofaradi 3.3 mbele yake, ikianzia karibu hezi 6,000, itakusaidia kuliko kazi yoyote ya ndani.

Besi: kapasita za kuunganisha na za kathodi

Kwa hesabu zote zinazofuata kumbuka namba moja, 159,000. Igawanye kwa rezista ya kiloomu mara kapasita ya nanofaradi, upate mpaka kwa hezi. Ukitumia omu na mikrofaradi, jibu bado ni hezi. Ukitumia kiloomu na pikofaradi, jibu ni kilohezi.

Kapasita inayotoka anodi ya ECC83 kwenda gridi ya EL84 mara nyingi ni nanofaradi 10, na rezista ya gridi ni kiloomu 470. 159,000 gawanya kwa 4,700 ni hezi 34. Weka nanofaradi 100, mpaka unashuka hadi hezi 3.4. Tumia polipropilini au poliesta ya volti 400 kwenda juu, afadhali 630. Usiongeze rezista ya gridi badala ya kapasita. Kwa EL84 yenye rezista ya kathodi (upande unaotoa elektroni) kikomo ni megaomu 1, na kwa ile yenye volti ya gridi ya nje ni kiloomu 300 tu. Ukizidisha, valvu inaweza kujipandishia mkondo yenyewe hadi anodi iwe nyekundu.

Kapasita hizo za zamani za karatasi na nta huvuja, kwa hiyo zibadilishe hata kama thamani yake inatosha. Kupima: simu isiingie, kifaa kiwake dakika kumi, kisha soma volti DC kati ya gridi ya EL84, pini 2, na chasisi. Inatakiwa sifuri. Ukiona chanya nusu volti au zaidi, zima, chomoa EL84, washa, upime tena. Volti ikibaki, kapasita inavuja. Ikitoweka, valvu yenyewe ina gesi au gridi yake imechafuka. Fanya hivi kwa haraka, maana bila EL84 volti kuu hupanda.

Kapasita ya kathodi ndiyo inayosahaulika, ilhali ndiyo mara nyingi inayokula besi. Hizi ni za elektroliti, na kwenye chasisi yenye joto hukauka pole pole. Kwa ECC83 yenye rezista ya kathodi ya kiloomu 1.5 na ya anodi ya kiloomu 100, ukinzani ambao kapasita inauona ni karibu omu 780 tu, kwa sababu valvu yenyewe iko sambamba na rezista. Mikrofaradi 25 nzima inatoa hezi 8. Iliyokauka hadi mikrofaradi 2 inatoa hezi 100, na sauti ya mwanaume inaanza kukonda.

Kwenye EL84 hali ni mbaya zaidi. Rezista ya kathodi ni omu 135, ukiweka na valvu sambamba unapata omu 53 hivi. Mikrofaradi 50, thamani iliyozoeleka viwandani, inatoa hezi 60 hata ikiwa mpya kabisa! Weka mikrofaradi 470 ya volti 25 au 35, nyuzi joto 105, mpaka ushuke hadi hezi 6. Ni kapasita ya bei ndogo inayopatikana kwenye duka lolote la vipuri, na kwa amplifaya hizi hakuna badiliko linaloleta besi nyingi kwa gharama ndogo kama hili. Angalia polariti, chanya upande wa kathodi.

Besi ikiongezeka, udhaifu wa umeme nao hujitokeza. Amplifaya ikianza kudunda yenyewe taratibu, kama injini ya boti, mizunguko michache kwa sekunde, maana yake hatua ya mwisho inarudisha besi kwenye hatua ya kwanza kupitia waya wa umeme mkubwa. Badilisha kapasita ya kuchuja inayolisha ECC83 kwa mikrofaradi 22 au 47, volti 450. Lakini kapasita ya kwanza kabisa baada ya EZ80 isizidi mikrofaradi 50. EZ81 nayo ni 50, na GZ34 ni 60. Ukizidisha, mkondo wa kuwashia huiharibu valvu ya kunyoosha.

Vipuri vinapatikana mjini bila kuagiza Dar es Salaam. Televisheni za kichogo zilizokufa zina polipropilini nzuri za volti 1,600 karibu na flaibeki, transfoma yao ya volti kubwa. Taa za enajisava zilizoungua zina nanofaradi 22 hadi 47 za volti 400. Zing'oe kwa joto la wastani, pima thamani, na elektroliti zilizotumika ziache huko huko.

Trebo: volyumu na gridi ya kwanza

Ndani ya ECC83, kati ya anodi na gridi, kuna kapasitansi ya pikofaradi 1.6. Ni kidogo sana, lakini anodi inacheza kinyume cha gridi mara 60, kwa hiyo chanzo cha sauti kinaiona imezidishwa kwa 61. Jumlisha na nyaya, unapata karibu pikofaradi 110 kwenye gridi. Sasa weka mbele yake potenshometa ya megaomu 1, kama ilivyo kwenye redio nyingi. Ikiwa katikati ya ukinzani wake, gridi inaona kiloomu 250. 159,000 gawanya kwa 250 mara 110 ni kilohezi 5.8. Trebo yote juu ya hapo inafifia, na inabadilika kila unapozungusha volyumu, dalili ambayo huwachanganya wengi.

Badilisha kwa potenshometa ya kiloomu 100 ya logi. Sasa gridi inaona kiloomu 25 kwa wingi wake, na mpaka unakwenda kilohezi 58. Masharti ni mawili. Kama kuna kapasita kabla ya volyumu, iongeze pia. Nanofaradi 10 iliyofaa kwa megaomu 1 itakata besi kwenye hezi 159 ikikutana na kiloomu 100, hivyo weka nanofaradi 220. Na kama gramafoni yako bado ina kichwa cha kristali, usibadilishe potenshometa hata kidogo. Kichwa hicho ni kama kapasita ya nanofaradi 1, na kwa kiloomu 100 kinapoteza kila kitu chini ya hezi 1,590. Potenshometa ndogo ni kwa simu, kompyuta na sidii.

Waya wenye kinga kati ya volyumu na gridi una pikofaradi kama 100 kwa mita, kwa hiyo ufupishe, usizungushwe chasisi nzima. Rezista iliyo mfululizo na gridi, ikiwa kiloomu 68, inatoa kilohezi 21. Ishushe hadi kiloomu 10, lakini usiiondoe, kwani inazuia valvu kushika redio na kujipigia yenyewe. Ya EL84 iwe kiloomu 1 hadi 4.7, isolderiwe kwenye pini yenyewe. Kuchomeka ECC82 mahali pa ECC83 kwa kuwa pini zinafanana si dawa. Kathodi yake inataka rezista tofauti na ukuzaji unashuka sana.

Kisha tafuta kapasita ya nanofaradi 2 hadi 5 iliyovuka praimari, yaani upande wa valvu, ya transfoma ya spika. Nanofaradi 4.7 kwenye mzigo wa kiloomu 4.6 inakata kilohezi 7.4. Iliwekwa makusudi kupunguza mikwaruzo ya redio na ukali wa pentodi, aina ya valvu kama EL84. Usiing'oe ukaacha wazi, kwa sababu spika ikichomoka, volti za praimari hupanda kiasi cha kutoboa vihami vya nyaya. Weka badala yake nanofaradi 1 ya volti 1,600 mfululizo na rezista ya kiloomu 6.8, wati 2. Inaanza kazi karibu kilohezi 14, na kwa spika halisi, ambayo ukinzani wake hupanda juu, matokeo ni sawia.

Kwa kusikiliza, muziki wa Wagogo unafaa kuliko toni. Muheme, ngoma yao, una besi inayopigwa na kukatika ghafla, kwa hiyo besi ya uongo, iliyovimba bila umbo, inaumbuka mara moja. Ilimba, ala yao ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hasa kwenye rekodi za mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose, ina mvumo mwembamba juu ya kila noti. Mvumo huo ukipotea, trebo bado haijarudi.

Transfoma ya spika

Hapa ndipo penye ukuta wa kweli. Mpaka wa besi ni ukinzani gawanya kwa 6.28 mara henri (kipimo cha induktansi) za praimari. Kwa EL84 kama pentodi ukinzani ni kiloomu 4.6 hivi. Henri 20 zinatoa hezi 37, henri 10 zinatoa 73, henri 5 zinatoa 146. Hakuna kapasita itakayofidia henri zilizokosekana.

Kupima henri: toa transfoma kwenye saketi, sekondari (upande wa spika) ibaki wazi. Unganisha volti 12 AC kutoka transfoma ndogo, mfululizo na rezista ya kiloomu 1, kwenye praimari. Soma volti za rezista na volti za praimari. Ukipata 3.64 na 11.4, mkondo ni miliampea 3.64, gawanya 11.4 kwa 0.00364 upate omu 3,130, kisha gawanya kwa 314. Hizo ni henri 10. Usikosee ukaweka volti 12 kwenye sekondari: kwa transfoma ya omu 5,200 kwa 8, praimari itatoa volti 300.

Linganisha sasa yale majedwali mawili. Kama kwa volti 1 hezi 50 ziko vizuri lakini kwa volti 5 zinaporomoka au kukwaruza, kiini kimejaa sumaku. Masafa yakishuka nusu, sumaku inayohitajika kwa volti ile ile inaongezeka maradufu, na transfoma ndogo ya redio haina chuma cha kutosha. Lakini chunguza kwanza mwanya wa kiini. EL84 moja inapitisha miliampea 48 za DC kwenye praimari, hivyo bati za kiini zenye umbo la E zote zinatakiwa zikae upande mmoja na za I upande wa pili, na karatasi ya milimita 0.1 hadi 0.2 katikati. Fundi aliyezoea transfoma za umeme akisuka upya hupishanisha bati, na besi inakufa siku hiyo hiyo. Karatasi ikiwa nene mno nayo hupunguza henri.

Trebo ndani ya transfoma inategemea mpangilio wa nyaya. Ukisuka upya, gawa praimari mara mbili na uweke sekondari katikati. Induktansi inayovuja inashuka hadi karibu robo ya ile ya praimari chini na sekondari juu. Ukigawa zaidi, inashuka zaidi, lakini kapasitansi kati ya nyaya hupanda, na kwa nguvu hii migawanyo mitatu hadi mitano inatosha.

Ipo njia bila kusuka: unganisha gridi ya pili ya EL84, pini 9, na anodi, pini 7, kupitia rezista ya omu 100. Ikifanya kazi hivyo kama traiodi, yaani valvu ya gridi moja, ukinzani wake wa ndani unashuka kutoka kiloomu 38 hadi karibu 2, na transfoma ile ile ya henri 10 inatoka hezi 73 hadi 23. Gharama ni nguvu, kwani karibu wati 6 zinakuwa 2. Kwa chumba cha kawaida tunaona ni biashara nzuri, ila volti za anodi zisizidi 300.

Mrejesho hasi

Sasa tu ndipo unarudisha sehemu ya sauti ya spika kwenye kathodi ya kwanza. Upande mmoja wa sekondari uende chasisi. Chini ya rezista ya kiloomu 1.5 ya ECC83 ongeza omu 100, kapasita ya kathodi ibaki kuvuka kiloomu 1.5 peke yake. Kutoka upande wa moto wa sekondari leta rezista hadi kwenye makutano ya hizo mbili.

Anza na kiloomu 47, si thamani ya mwisho. Kwa toni ya hezi 1,000 na volti 1, ukiunganisha, volti zikishuka hadi karibu 0.8 mwelekeo ni sahihi. Zikipanda, pishanisha nyaya mbili za sekondari. Kwa kiloomu 47 hata mwelekeo mbaya hauleti mlio, lakini kwa kiloomu 4.7 ungepiga yowe la kuumiza spika. Kisha weka kiloomu 10, utapata karibu desibeli 7. Transfoma ikiwa nzuri, kiloomu 4.7 itatoa desibeli 10 hadi 11, na mpaka wa hezi 73 kwa sauti ndogo utashuka hadi karibu 21. Usizidi hapo. Na kiini kilichojaa sumaku hakiokolewi na mrejesho. Utakifanya kikwaruze mapema zaidi, kwa kuwa amplifaya itajaribu kukilazimisha.

Hatari ya mwisho ni mtetemo wa juu usiosikika. Bila toni yoyote, soma volti za kathodi ya EL84 mrejesho ukiwa umeunganishwa, kisha umekatwa. Namba zikitofautiana, amplifaya inatetema. Weka pikofaradi 470 kuvuka rezista ya mrejesho ya kiloomu 4.7, na ukiwa na osiloskopu jaribu kati ya 220 na 1,000 kwa wimbi la mraba la hezi 10,000, mara ya kwanza kwa mzigo wa rezista, mara ya pili ukiongeza kapasita ya nanofaradi 100 sambamba nao. Wimbi hilo lisitoke kwenye simu. Simu haitoi chochote juu ya kilohezi 22 hivi, na mraba wa hezi 10,000 utatoka umekuwa wimbi laini lisiloonyesha kitu. Vimbe mbili au tatu zinazozimika haraka kwenye kona zinakubalika. Zikiendelea hadi kona inayofuata, rudi kwenye rezista ya kiloomu 10.